Uvimbe Umekatwa. Je, Saratani Itarudi?

Mwanamke anaoga. Mkono wake unagusa kitu kigumu ndani ya titi. Ni kidogo kama harage. Hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, anakiacha. Mwaka unapita, harage limekuwa limau, na sasa ngozi ya titi imejikunja. Hapo ndipo anakwenda hospitali, na daktari anamwambia kuwa ni saratani na lazima apasuliwe.

Mama huyu ana maswali mengi. Mume wake anayo, na majirani wanayo pia. Leo tutayajibu yale yanayoulizwa mara nyingi.

Swali la kwanza huulizwa kwa kunong'ona: "Je, si kweli kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa?"

Si kweli. Lakini tuone kwa nini watu wanaamini hivyo. Watu wengi wanafika hospitali wamechelewa. Saratani imekwisha kutoka kwenye titi na kuingia katika mifupa au mapafu, ingawa mgonjwa bado anatembea. Anapasuliwa. Baada ya miezi michache anazidiwa na kufariki. Kijijini wanasema kisu kimemuua. Kumbe ugonjwa ulikwisha kusambaa kabla ya kisu. Wale waliopasuliwa mapema wakapona hawasemwi sana, maana wako shambani wanalima kama watu wengine.

Hata sindano ya kutoa kinyama cha kupima haisambazi saratani. Kinyama hicho hupelekwa maabara, kikatazamwa kwa darubini. Ni lazima kipimwe, kwa sababu uvimbe mwingi wa titi si saratani. Macho peke yake hayawezi kujua. Lakini kuchanjwa kwa wembe nyumbani ni jambo jingine. Wembe huo hauondoi uvimbe, na kidonda chake huoza.

"Mbona daktari amekata hata nyama nzima?"

Wewe ni mkulima, unaijua ndago. Ukikata majani ya ndago kwa jembe, shamba linaonekana safi. Mvua ikinyesha, ndago inaota tena, kwa sababu vijidude vyake vya mviringo vimebaki chini ya udongo. Mkulima hodari huchimba pembeni na chini. Daktari naye hukata uvimbe pamoja na nyama nzima kidogo inayouzunguka. Pengine huondoa titi lote. Pengine huondoa pia tezi za kwapani, kwa sababu saratani ya titi hupenda kupitia huko inapoanza safari yake.

Ukiwa umelazwa utachomwa dawa ya usingizi, hutasikia maumivu wakati wa kupasuliwa. Ukiamka unaweza kukuta mpira mdomoni mwa kidonda. Huo unatoa maji yanayojikusanya. Usiuchomoe. Wauguzi watauondoa maji yakipungua.

Sasa tufike kwenye jambo linalowapoteza wagonjwa wengi. Kidonda kimepona, nyuzi zimetolewa, mama amerudi nyumbani. Anajisikia vizuri. Anaambiwa arudi hospitali aanze dawa. Anajiuliza: "Uvimbe si umekwisha kutoka? Dawa za nini tena?" Nauli ni kubwa, na mahindi yanangoja palizi. Anabaki nyumbani.

Mama, usibaki nyumbani. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, nazo saratani ni chembe zilizoasi. Zinazaana bila mpango. Kabla hujapasuliwa, chembe chache zinaweza kuwa zimetoka na kujificha. Daktari hawezi kuziona kwa macho, wala picha haiwezi kuzionyesha. Dawa za dripu huzifuata popote zilipo. Mionzi huchoma zile zilizobaki kifuani au kwapani. Na kama maabara imeonyesha kuwa saratani yako inalishwa na homoni za kike, utapewa vidonge, kwa mfano tamoksifeni. Hivi humezwa kila siku kwa miaka 5, na wengine huendelea hadi miaka 10. Si wote wanaohitaji matibabu yote hayo. Ndiyo maana majibu ya maabara ni ya thamani kuliko mbuzi. Yaulizie mpaka uyapate.

Hapa Tanzania hospitali inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi inatolewa pia Bugando, Mwanza. KCMC ya Moshi nayo ina kituo cha saratani. Anzia zahanati yako, uandikiwe barua ya rufaa.

"Basi nikimaliza dawa zote, itarudi au haitarudi?"

Hakuna daktari anayeweza kukuapia. Wanawake wengi waliotibiwa mapema hawaioni tena. Wengine inawarudia, na hilo si kosa lao. Haikuletwa na ugomvi, wala kurogwa, wala kulala na mume. Saratani ya titi haiambukizi mtu. Hatari ni kubwa zaidi katika miaka 5 ya mwanzo, lakini imewahi kurudi hata baada ya miaka 10 au 20. Kwa hiyo utaitwa kupimwa kila baada ya miezi michache, baadaye mara moja kwa mwaka.

Usingoje siku ya kuitwa kama umeona kipele kigumu juu ya kovu, au uvimbe kwapani, shingoni au katika titi la pili. Nenda pia ukiwa na maumivu ya mgongo au mifupa yasiyoisha hata usiku, kikohozi kisichopona, kichwa kisichoacha kuuma, au macho ya manjano. Pengine ni uchovu wa jembe tu. Mwache daktari ndiye aseme hivyo.

Ikirudi palepale kwenye kovu, mara nyingi inaweza kukatwa tena na kutibiwa. Ikirudi mbali, kama kwenye mifupa au ini, kwa kawaida haiondoki yote. Ni afadhali kusema ukweli. Lakini dawa zinaweza kuizuia kwa miezi au miaka, na maumivu yana dawa yake, mofini. Mgonjwa asiachwe kulia usiku kucha.

Neno kuhusu mkono. Kama tezi za kwapa zimeondolewa, mkono wa upande huo unaweza kuvimba. Ufanyishe mazoezi uliyofundishwa. Anza na kazi nyepesi, ongeza polepole. Vaa glavu unapolima au kuvuna. Ukijikata, osha mara moja kwa maji na sabuni. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, nenda zahanati siku hiyohiyo.

Siku ya kurudi hospitali chukua karatasi zako zote, hasa ile ya majibu ya maabara, na vidonge vilivyobaki. Nenda na mtu unayemwamini, mume, dada au binti yako, kwa sababu maneno ya daktari ni mengi na masikio mawili husahau. Naye binti apimwe titi na muuguzi siku hiyo.