Kriketi ya kaunti Uingereza: kwa nini mechi 14 zimebaki, na nini kinabadilika kuanzia 2026

Kaunti 18 za kriketi ya kulipwa nchini Uingereza na Wales zitaendelea kucheza mechi 14 kila moja katika Ubingwa wa Kaunti, baada ya mapendekezo ya kupunguza mechi hizo kukosa kura za kutosha mwezi Septemba 2025. Mfumo wa madaraja mawili, lenye timu 10 na lenye timu nane, nao umebaki kama ulivyokuwa. Kilichopunguzwa ni mashindano ya ova 20 yanayojulikana kama T20 Blast. Kuanzia msimu wa 2026 kila timu itacheza mechi 12 za makundi badala ya 14, na timu zote zitagawanywa katika makundi matatu ya timu sita sita.

Kwa asiyefuatilia mchezo huu, tofauti ya mechi mbili yaweza kuonekana jambo dogo la ratiba. Hata hivyo, nyuma ya hesabu hiyo kuna swali ambalo viongozi wa kriketi nchini humo wamelijadili kwa miaka mingi bila kuafikiana: mchezo wa siku nne, unaowaandaa wachezaji wa timu ya taifa lakini hauingizi fedha, utaishi vipi pamoja na mchezo wa saa tatu unaoingiza fedha nyingi lakini hauandai wachezaji wa aina hiyo?

Ubingwa wa Kaunti ni mashindano ya kale. Yalianza kuendeshwa rasmi mwaka 1890, na kaunti ya mwisho kujiunga, Durham, iliingia mwaka 1992. Mechi moja huchukua siku nne, na kila timu hupata zamu mbili za kupiga. Kwa siku moja hurushwa ova 96, na kila ova ina mipira sita. Ushindi huzaa pointi 16 na sare pointi nane, zikiongezewa pointi za ziada kwa timu inayopata mikimbio mingi au kuangusha wiketi nyingi mapema. Msimu wa 2025 Nottinghamshire ilitwaa ubingwa na kuhitimisha utawala wa Surrey, iliyokuwa imeshinda miaka mitatu mfululizo. Durham na Worcestershire zilishuka daraja, huku Leicestershire na Glamorgan zikipanda.

Mashindano haya yamekuwa yakielezwa kuwa yako mahututi tangu babu za wachezaji wa leo wakiwa vijana. Watazamaji walipopungua viwanjani, mwaka 1963 lilianzishwa Kombe la Gillette, mashindano ya kwanza ya kaunti ya mechi za siku moja, ili kuwarudisha watu na kuzipatia klabu mapato ya mlangoni. Mwaka 1969 ikaongezwa ligi ya Jumapili ya ova 40. Mwaka 2003 yakazaliwa mashindano ya ova 20, na huo ndio mfumo ulioigwa baadaye India, Australia na karibu kila nchi inayocheza kriketi. Kila mfumo mpya ulianzishwa kwa hoja kwamba fedha zake zingeutunza ule wa zamani. Na kila ulipofika, ulichukua sehemu ya kalenda. Hadi mwaka 2016 timu za daraja la kwanza zilikuwa zikicheza mechi 16 za siku nne. Mwaka uliofuata zikawa 14.

Mfumo wa karibuni zaidi ndio uliobana ratiba kuliko yote. Mashindano ya The Hundred yalianza Julai 2021 yakiwa na timu nane zisizotumia majina ya kaunti. Kila timu hupiga mipira 100 tu, na mechi za wanaume na za wanawake huchezwa siku moja katika uwanja mmoja. Mashindano hayo huchezwa kwa sehemu kubwa mwezi Agosti, wakati shule zimefungwa na hali ya hewa ni nzuri. Agosti ndiyo miezi yote ya kriketi ya Uingereza ingependa kuwa.

Kwa kuwa mwezi huo sasa umekaliwa, mengine yote yanasukumwa pembeni. Kombe la mechi za ova 50 huchezwa wakati huohuo, na wachezaji bora wakiwa hawapo kwa sababu wako kwenye The Hundred. Nchi hiyo ilitwaa Kombe la Dunia la ova 50 mwaka 2019 katika uwanja wa Lord's. Miaka minne baadaye, nchini India, ilipoteza mechi sita kati ya tisa, na katika Kombe la Mabingwa la mwaka 2025 ilipoteza mechi zake zote tatu. Sababu za kuporomoka huko ni nyingi, lakini ni vigumu kuiondoa katika orodha hiyo hali ya kuwa na kizazi cha wachezaji kinachokutana na mchezo wa ova 50 kwa mara chache mno kabla ya kuvaa jezi ya taifa.

Ubingwa wa Kaunti wenyewe umejikuta ukichezwa zaidi Aprili, Mei na Septemba. Aprili nchini Uingereza ni mwezi wa baridi na mvua. Ardhi huwa na unyevu, mpira huyumba hewani na kukengeuka baada ya kudunda, hivyo mrushaji wa kasi ya wastani huangusha wiketi bila jasho jingi. Mrushaji wa mipira ya kuzunguka, ambaye hutegemea uwanja mkavu uliochakaa, hukaa akingoja zamu isiyofika. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Shoaib Bashir. Alipochaguliwa kwenda India na timu ya taifa kwa ajili ya mfululizo ulioanza Januari 2024, alikuwa amecheza mechi sita tu za daraja la juu. Baada ya kuwa mrushaji tegemeo wa taifa, bado alikosa nafasi ya kudumu katika kaunti yake ya Somerset, akapelekwa kwa mkopo Worcestershire na baadaye Glamorgan. Kwa upande wa wapigaji, Jacob Bethell alianza kuichezea timu ya taifa mechi za siku tano Novemba 2024 akiwa hajawahi kufikisha mikimbio 100 katika mechi yoyote ya kulipwa. Wateuzi wanaonekana kuangalia kipaji kwanza na takwimu za kaunti baadaye.

Bodi ya Kriketi ya Uingereza na Wales, ambayo kwa kifupi huitwa ECB, ilijaribu kutafuta tiba kwa kubadili mpira wenyewe. Kuanzia mwaka 2023 baadhi ya raundi zilichezwa kwa mpira wa Kookaburra unaotumika Australia, ambao hulainika mapema na kumlazimisha mrushaji kutumia akili na nguvu zaidi. Juni 2025, katika uwanja wa The Oval, Surrey waliutumia mpira huo dhidi ya Durham kufikisha mikimbio 820 kwa wiketi tisa, rekodi ya klabu hiyo, huku Dom Sibley peke yake akipata 305. Mechi iliisha kwa sare. Dawa ilikuwa imezidi kipimo.

Kabla ya hapo lilikuwepo jaribio kubwa zaidi. Mwaka 2022 aliyewahi kuwa nahodha wa taifa, Andrew Strauss, aliongoza mapitio yaliyopendekeza daraja la juu liwe na timu sita tu na kila kaunti icheze mechi 10 za siku nne. Lengo lilikuwa kuongeza ushindani na kuwapa wachezaji muda wa kupumzika na kufanya mazoezi. Mapendekezo mengi ya mapitio hayo yalipita, lakini hilo la idadi ya mechi liligonga mwamba. Mwaka 2025 hoja ilirudi kwa sura ya upole zaidi, mechi 12 au 13 badala ya 14, na matokeo yakawa yaleyale.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kuangalia nani anapiga kura. Mabadiliko ya aina hii huhitaji kuungwa mkono na kaunti zisizopungua 12 kati ya 18. Kaunti nyingi si kampuni za watu binafsi. Kaunti 15 zinamilikiwa na wanachama wanaolipa ada ya mwaka na wenye sauti katika mkutano mkuu, na ni tatu tu, yaani Hampshire, Durham na Northamptonshire, ambazo zimetoka katika mfumo huo. Mwanachama hulipa ada ili aende uwanjani Jumanne asubuhi na chupa yake ya chai, akae siku nzima, na arudi kesho yake. Kumpunguzia mechi mbili ni kumuuzia bidhaa ileile ikiwa imepungua, na mwenyekiti wa klabu anafahamu kwamba mwanachama huyo atakuwepo siku ya uchaguzi.

Upande wa pili wako wachezaji. Chama chao kimekuwa kikisisitiza kuwa ratiba inahatarisha afya: mechi ya usiku hufuatwa na safari ndefu ya barabarani, kisha mechi nyingine katika mji tofauti kabla mwili haujapoa. Hoja hiyo ndiyo iliyosaidia kupunguza mechi za T20 Blast na kupanga fainali yake imalizike kabla ya The Hundred kuanza, badala ya mashindano hayo kukatwa katikati na kumaliziwa Septemba kama ilivyokuwa. Kuhusu mechi za siku nne, wachezaji walitaka ziwe 12. Hawana kura.

Na kuna fedha. Mapema mwaka 2025 ECB iliuza hisa za timu nane za The Hundred. Asilimia 51 ya kila timu ilipewa mwenyeji wa uwanja, na asilimia 49 ikauzwa kwa wawekezaji, wakiwemo wamiliki wa timu za ligi ya India. Timu zote nane zilithaminiwa kwa takriban pauni milioni 975, na mauzo yakaingiza zaidi ya pauni milioni 500. Sehemu ya fedha hizo inakwenda kwenye kriketi ya ngazi ya chini, na sehemu kubwa inagawanywa kwa kaunti 18 pamoja na klabu ya MCC, mmiliki wa Lord's. Kaunti 11 zisizo na timu ya The Hundred zimepewa upendeleo katika mgawo huo.

Kwa klabu iliyokuwa ikiendeshwa kwa mikopo, hilo ni jambo la kufa na kupona. Lakini ni fedha za kuuza mali, na mali huuzwa mara moja. Klabu itakayolipa madeni na kujenga vyumba vya mikutano au hoteli ya kuingiza kipato wakati wa baridi inaweza kusimama. Itakayozitumia kupandisha mishahara itarudi pale ilipokuwa. Vilevile mwekezaji aliyetoa mamilioni kwa hisa za timu ya Agosti ana kila sababu ya kutaka Agosti iwe ndefu zaidi. Tayari baadhi ya timu zimebadili majina kufuata ya wamiliki wao wapya, kama MI London na Sunrisers Leeds, na kuanzia 2026 wachezaji wanapatikana kwa mnada, utaratibu uliozoeleka India.

Suala hili lina historia hata kwa Afrika Mashariki, kwani kaunti ziliwahi kuwa shule ya wachezaji waliozaliwa katika ukanda huu. John Solanky, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliichezea Glamorgan katika miaka ya 1970. Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, aliitumikia Nottinghamshire tangu 1966 hadi 1985. Derek Pringle, naye wa Nairobi, alitokea Essex hadi kuichezea Uingereza mechi 30 za siku tano. Baba yake, Don Pringle, alikuwa katika kikosi cha Afrika Mashariki kilichoshiriki Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975. Wachezaji hao walikuzwa na msimu mrefu wenye mechi nyingi. Leo kaunti huruhusiwa kuchezesha wachezaji wawili tu wa kigeni katika mechi moja ya Ubingwa, na nafasi hizo kwa kawaida huchukuliwa na nyota wa mataifa makubwa.

Eneo ambalo mageuzi yamepita bila mvutano mkubwa ni kriketi ya wanawake. Kuanzia msimu wa 2025 timu za kikanda zilivunjwa na kaunti nane zikapewa jukumu la kuendesha timu za wanawake za daraja la juu. Yorkshire inaongezeka mwaka 2026 na Glamorgan mwaka 2027. Ni upanuzi unaotarajiwa kugharimiwa kwa kiasi kikubwa na mapato ya televisheni. Mkataba wa sasa wa haki za matangazo kati ya ECB na kampuni ya Sky, wenye thamani ya pauni milioni 880, unamalizika mwaka 2028, na mazungumzo ya mkataba utakaofuata ndiyo yatakayoonesha ni mfumo upi wa mchezo mnunuzi yuko tayari kuulipia.