Kabla uchague huduma ya kutuma jarida la baruapepe, soma yaliyonikuta

JUMATATU moja mwaka jana niliamka nikapata akaunti yangu imefungwa. Ndani yake kulikuwa na orodha ya wasomaji 640 niliokusanya kwa miaka miwili. Nikajaribu kuingia mara tatu. Wapi!

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponilemea. Tangu hapo naendesha blogu ndogo ya mtaa: nani anatafuta watu wa kibarua, shoo gani haina kiingilio. Jumatatu na Alhamisi nawatumia wasomaji jarida kwa baruapepe. Mama mmoja mwenye duka la vitabu hunilipa Sh3,000 kwa mwezi nimtangazie. Hiyo ni nusu ya kodi ya nyumba yangu.

Jioni hiyo akanipigia.

"Mwanangu, tangazo langu liko wapi?"

"Mama, kuna shida kidogo. Nipe siku mbili."

"Mbili sawa. Ya tatu sitalipa."

Ukweli ni kwamba kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeingiza anwani 90 nilizotoa kwenye karatasi ya mahudhurio ya hafla fulani. Wenyewe hawakuniruhusu. Baadhi wakaniripoti kuwa nawatumia takataka, huduma ikanifungia. Na hata isingenifungia, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hapa Kenya inataka mtu akubali kwanza kabla utumie data yake kwa biashara.

Kwa hivyo ikabidi nitafute huduma upya, safari hii nikiwa na akili. Haya ndiyo nilijifunza.

Kwanza, Gmail ya kawaida haitoshi. Ina kikomo cha watu 500 kwa siku, na haina njia ya msomaji kujiondoa mwenyewe.

Pili, neno "bure" lisikupumbaze. Piga hesabu. Brevo, kwa mfano, inakupa barua 300 kwa siku bila malipo. Ukiwa na watu 640, jarida la Jumatatu litamfikia wa mwisho Jumatano. Mailchimp ilikuwa inabeba watu 2,000 bure, lakini baadaye ikashusha kikomo hicho. Tena inahesabu hata wale waliojiondoa, mpaka uwatoe kabisa kwenye orodha.

Tatu, bili ni ya dola. Januari 2024 dola moja ilifika Sh160, baadaye ikashuka hadi karibu Sh130. Bili ya dola 10 inaruka kutoka Sh1,300 hadi Sh1,600 bila wewe kuongeza msomaji hata mmoja. Kama huna kadi ya benki, kadi ya GlobalPay ndani ya M-Pesa inaweza kukulipia.

Nne, kama unataka wasomaji wakulipe, uliza pesa zitakufikia vipi. Substack haitozi kitu kwa jarida la bure, na inachukua asilimia 10 ya malipo ya wasomaji. Shida ni kwamba malipo hayo hupitia Stripe, ambayo haifungulii wafanyabiashara wa Kenya akaunti moja kwa moja. Kwa hasla wa Nairobi, matangazo ya mtaani yanayolipwa kwa M-Pesa bado ndiyo njia rahisi.

Tano, uwe na jina la tovuti lako mwenyewe. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza kamba kwa watumaji. Ukituma kupitia huduma hizi huku anwani yako ikiishia na gmail.com, barua inaweza kuangukia kwenye takataka. Huduma nzuri itakuonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kuweka SPF, DKIM na DMARC, yaani vitambulisho vinavyothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Mimi ilinichukua saa moja na chai vikombe viwili. Huduma nyingi pia zitataka anwani ya posta chini ya barua. Usiweke ya nyumbani kwako. Tafuta sanduku la posta.

La mwisho ndilo kubwa: je, unaweza kuondoka na watu wako? Huduma hufa. Revue, iliyonunuliwa na Twitter 2021, ilifungwa Januari 2023. TinyLetter ikazimwa Februari 29, 2024. Waliokuwa wamepakua orodha zao walihamia kwingine. Kabla ya kujisajili, tafuta kitufe cha kupakua orodha nzima. Ukikikosa, toka.

Mimi niliishia Buttondown, ambayo ni bure kwa watu 100 wa kwanza kisha unaanza kulipa. Bahati nzuri nilikuwa na nakala ya zamani ya orodha kwenye simu, yenye majina 488. Ukitoa wale 90 wa karatasi, wasomaji 62 halali walipotea, na sina njia ya kuwafikia.

Jarida lilitoka Jumatano usiku. Yule mama alilipa, ila alikata Sh500. "Ya usumbufu," akasema. Sikubishana.

Leo tuko 530. Ni wachache kuliko zamani, lakini kila mmoja aliingia kwa hiari yake. Na kila Ijumaa, kabla nitoke kwenda popote, napakua orodha.