Oili ya Safari Moja

Pistoni niliyopewa kuishika katika karakana moja mjini Mafinga ilikuwa na michirizi ya wima upande wa tundu la moshi, kana kwamba imepigwa msasa mkavu. Ringi hazikucheza. Zilikuwa zimeganda ndani ya mifereji yake kwa masizi magumu, meusi ya kung'aa kama lami. "Imenoki," fundi alisema, kisha akanionyesha chupa iliyoletwa pamoja na msumeno. Oili ilikuwa mpya na ya bei nzuri. Kwenye lebo iliandikwa 4T.

Mafinga ni mji wa mbao. Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, liko huko Mufindi, na msumeno wa mnyororo, au chenso kama wanavyouita wenye kazi yao, unalisha nyumba nyingi. Mwenye chenso hii ana pikipiki pia, na oili hiyohiyo imeitunza pikipiki yake miaka yote. Kosa lake naliona linaeleweka kabisa, maana hakuna aliyemweleza tofauti.

Injini ya bodaboda kwa kawaida ni ya mipigo minne, ndiyo maana ya 4T. Ina bakuli la oili chini, na oili hupanda, hulainisha, hurudi, hivyo hivyo hadi siku ya kumwagwa. Chenso ni ya mipigo miwili na bakuli haina. Hewa na petroli hupitia kwanza chumba cha krenki, ndipo zipande juu ya pistoni kuchomwa. Kwa hiyo oili haina njia nyingine ila kuchanganywa na petroli: inapita, inaacha utando mwembamba kwenye beringi, pistoni na ukuta wa silinda, halafu inaungua na kutokea kwenye bomba la moshi. Safari yake ni moja tu.

Hapo ndipo 4T inaposhindwa. Imeundwa ili idumu, na imetiwa viungo vyenye madini kama zinki ambavyo vikiungua huacha majivu. Majivu na masizi hukamata ringi, mgandamizo huvuja, joto hupanda. Oili ya 2T, yaani ya mipigo miwili, imeundwa iungue vizuri. Nyingi zina kiyeyushi cha kuifanya ikubaliane na petroli upesi, na rangi ya buluu, kijani au nyekundu ili uone kwa macho kwamba kidumu kimeshachanganywa. Zile bora huwa na poliisobutini, ambayo kwenye joto kali huvunjika na kuteketea bila kuacha masizi mengi.

Lakini 2T nazo hazilingani. Geuza chupa utafute herufi za JASO, kipimo cha Kijapani: FB ni daraja la chini, FC hutoa moshi kidogo, FD husafisha injini zaidi. Kwenye kipimo cha ISO ni EGB, EGC na EGD. Kwa chenso ya kazi za kila siku mimi nashika FD. Ukikuta TC-W3, hiyo waachie wavuvi. Ni ya injini za boti zinazopozwa kwa maji, ilhali chenso hupozwa kwa hewa tu, huku ikizunguka hata mara 13,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 200 kila sekunde.

Halafu kipimo. Chenso nyingi za sasa, kwa oili nzuri, hutaka 1 kwa 50: mililita 100 kwa kidumu cha lita 5. Nyingine hutaka 1 kwa 25, kwa hiyo kitabu cha mashine kisomwe. Wengi hukadiria kwa kizibo, kisha huongeza kidogo "kwa usalama". Nyongeza hiyo inaumiza. Oili ikizidi, inachukua nafasi ya petroli, na injini inachemka kwa njaa ya petroli. Plagi inachafuka, tundu la moshi linaziba. Bomba kubwa la sindano kutoka duka la dawa za mifugo lina alama za mililita na linatosha kabisa. Tia oili kwenye petroli kidogo, tikisa, jaza, tikisa tena, na usiuweke mchanganyiko zaidi ya mwezi.

Fundi alipomaliza kufunga pistoni mpya alifungua tangi la pili, la oili ya mnyororo. Ndani mlikuwa na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Oili hiyo ina chembe za chuma na kemikali zinazoweza kuleta saratani, na mnyororo huirusha kama ukungu mbele ya uso wa anayekata. Aliimimina yote kwenye debe, akasuuza tangi, ndipo akamwita mwenye chenso ndani.