Siku mbogo wa Kamiti walipomkodolea macho Roosevelt

Ukishuka matatu Ruiru leo ukaelekea upande wa Kamiti, utakutana na magorofa, vibao vya ploti zinazouzwa na mibuni iliyosalia hapa na pale. Mnyama mkubwa zaidi njiani huenda akawa ng'ombe wa gredi. Lakini mwaka 1909 eneo hili nusura limwangamize mtu ambaye miezi michache tu nyuma alikuwa rais wa Marekani.

Theodore Roosevelt alitoka Ikulu Machi mwaka huo, na Aprili akatia nanga Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Kazi yao, kwa maelezo yao, ilikuwa kukusanyia taasisi ya Smithsonian wanyama wa kuhifadhiwa. Kufikia mwisho wa safari, baba na mwana walikuwa wamewapiga risasi wanyama 512. Ukusanyaji huo, kwa maoni yangu, ulipita kiasi.

Kati ya mito ya Ruiru na Kamiti walikaribishwa na mlowezi Hugh Heatley, mwenye ranchi ya ekari 20,000. Kamiti wa siku hizo ulijificha ndani ya kinamasi cha mafunjo marefu kuliko mtu, na mbogo walijichimbia humo. Wawindaji waliona madume machache yakiwa nje, wakanyemelea, wakafyatua. Ghafla mafunjo yakapasuka na kundi zima likatoka, vichwa juu, pua mbele, likasimama likiwatazama. Hapakuwa na mti wa kukwea. Roosevelt akawaonya wenzake wasikimbie, naye mwindaji R. J. Cuninghame, aliyekuwa nao, akawakataza kupiga risasi.

Wakatulia tuli. Kundi nalo likatazama, likasitasita, kisha likageuka na kwenda zake.

Anayewajua mbogo hatashangaa. Kundi lisilochokozwa mara nyingi huchagua kutoroka. Wa kuogopwa ni dume la pekee lililojeruhiwa, linalojibanza kichakani likimngojea adui. Ndiyo maana risasi moja ya pupa siku ile ingeweza kuwamaliza wote.

Si mbali na hapo, kwenye shamba la Juja la tajiri William Northrup McMillan, mambo hayakuisha kwa amani. Chui aliyejeruhiwa kwa risasi ya Kermit alimrukia mmoja wa waswagaji, wale Waafrika waliotumwa kupiga kelele vichakani ili mnyama atoke, akamrarua kabla ya kuuawa. Kermit alisifiwa kwa ujasiri. Mimi sifa ningempa yule aliyeingia kichakani bila bunduki, kwa ujira wa kibarua, ilhali wenye silaha wamesimama nje wakingoja.

McMillan mwenyewe amezikwa kwenye mlima Ol Donyo Sabuk, ng'ambo ya Thika, ambao wenyeji wanauita Kilimambogo. Mlima huo ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1967, na mbogo wangali huko. Miaka 10 baadaye Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori. Siku hizi mwenye kwenda kuwinda digidigi kwa mbwa na mitego ya waya, hata kama ni kwa kitoweo cha nyumbani, anavunja sheria.

Kukutana na mnyama, hata hivyo, hakuhitaji kwenda kuwinda. Chui bado hupita kwenye mashamba ya Kiambu, hasa penye mbwa na mbuzi. Ukimwona, usikusanye umati wenye mawe na mapanga, maana chui aliyezingirwa hana budi kurukia mtu. Mwachie njia, ingiza watoto ndani, kisha ulijulishe Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Na ukijeruhiwa, peleka madai yako mapema: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imetenga fidia ya hadi shilingi milioni 2 kwa majeraha, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu na milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa. Malipo huchelewa sana, lakini asiyeandikisha madai hata foleni hayumo.