Mama Anapofanya Mtihani wa Uhandisi Nyumbani

Wengi wetu tukisikia neno mtihani tunaona ukumbi mkubwa, madawati yaliyopangwa kwa mistari, na msimamizi anayetembea polepole huku akitazama saa. Lakini siku hizi ipo mitihani mizito isiyo na ukumbi. Mtahiniwa huketi chumbani mwake mbele ya kompyuta, na msimamizi humtazama kupitia kamera akiwa mji mwingine kabisa.

Mojawapo ni mtihani wa taaluma wanaoufanya wahandisi nchini Kanada kabla ya kupewa leseni. Unatuhusu kwa sababu wako Waafrika Mashariki, wanawake kwa wanaume, waliohamia huko wakiwa na shahada zao za uhandisi mkononi. Wengine ni dada zetu, shemeji zetu na watoto wetu. Mwezi huu tunapenda kuzungumza na mama aliye katika hali hiyo, na pia na wale wanaoishi naye nyumba moja, maana mtihani wa namna hii hufanywa na mtu mmoja lakini huandaliwa na nyumba nzima.

Kwa nini asihangaike na kazi nyingine tu?

Hebu tumfikirie mama mmoja. Alisoma uhandisi wa majengo nyumbani, akafanya kazi miaka sita, kisha akahamia Edmonton pamoja na mume na watoto wawili. Huko akaambiwa kwamba jina la mhandisi linalindwa na sheria. Asiye na leseni anaweza kufanya kazi chini ya mhandisi mwenye leseni, lakini hawezi kutia mhuri wake kwenye mchoro wala kubeba dhamana ya kazi hiyo. Basi mama huyu hukokotoa hesabu zilezile alizozikokotoa nyumbani, ila jina linaloandikwa chini ni la mtu mwingine. Miaka ikipita hivyo, hata yeye mwenyewe huanza kusahau kwamba ni mhandisi.

Kanada haina bodi moja ya nchi nzima inayotoa leseni. Kila jimbo lina chombo chake: Alberta wana APEGA, Ontario wana PEO, na kadhalika. Kwa kawaida mwombaji huonyesha shahada yake, uzoefu wa kazi wa miaka minne hivi, na kufaulu mtihani wa taaluma. Mwenye shahada ya nje anaweza kutakiwa afanye pia mitihani ya kiufundi. Zamani Ontario ilidai kwamba angalau mwaka mmoja wa uzoefu huo uwe umepatikana Kanada kwenyewe. Sharti hilo liliondolewa Mei 2023, na wageni wengi wakapata nafuu. Lakini mtihani wa taaluma haukuondolewa, nao ndio tunaouzungumzia hapa.

Mtihani wenyewe unauliza nini?

Mtihani huu unajulikana kwa kifupi kama NPPE, nao hutumika katika majimbo mengi. Una maswali 110 ya kuchagua jibu, na muda wake ni saa mbili na nusu. Hairuhusiwi kufungua kitabu. Wengi hushangaa wanapogundua kwamba hauna hesabu za mihimili wala za umeme. Unauliza maadili ya kazi, wajibu wa mhandisi kwa umma, mikataba, uzembe, haki za uvumbuzi, na namna chombo cha taaluma kinavyomwadhibu mwanachama aliyekosa.

Kwa nini mhandisi aulizwe mambo ya maadili na sheria? Tutoe mfano wa jambo lililotokea kweli. Katika mji mdogo wa Elliot Lake, jimbo la Ontario, kulikuwa na jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1980. Paa lake lilitumika kama maegesho ya magari, na kwa miaka mingi lilivuja. Maji pamoja na chumvi inayomwagwa wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu yalikula vyuma taratibu. Tarehe 23 Juni 2012 sehemu ya paa hilo ilianguka, na wanawake wawili wakafa. Mmoja alikuwa kazini, mwingine alikuwa mteja.

Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa yake mwaka 2014. Ilionekana kwamba wiki chache kabla ya ajali mhandisi alikuwa amelikagua jengo lile na kuandika kwamba ni imara. Tena taarifa yake ilikuwa imefanyiwa mabadiliko kwa ombi la mwenye jengo. Chuma kilichooza kingeweza kuonekana mapema. Kilichokosekana ni mtu wa kusema hapana mbele ya anayemlipa. Hilo ndilo mtihani huu unalolitafuta: je, mtu huyu akikabidhiwa mhuri, atautia mahali pasipostahili?

Miezi mitatu ya maandalizi

Mama mwenye kazi na watoto hawezi kusoma kama mwanafunzi wa bweni. Hata hivyo anaweza kusoma vizuri. Akitenga saa moja kila siku kwa siku tano za juma, katika majuma 12 atakuwa na saa 60. Hizo si haba. Lakini saa moja hiyo ni lazima iwe yake kweli. Haitakuwa yake ikiwa mtoto anaulizia soksi na sufuria iko jikoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza si kununua kitabu. Jambo la kwanza ni kuketi na mume na watoto na kukubaliana. Saa ipi? Nani atapika siku zipi? Nani atasimamia kazi za shule za watoto? Baba, tunasema nawe pia. Ukisema “soma tu, mke wangu,” kisha ukangoja chakula mezani saa ileile, hujamsaidia. Afadhali useme, “Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jikoni ni kwangu.” Na watoto wenye umri wa kuelewa waambiwe sababu. Mtoto anayejua kwamba mama anatafuta leseni yake hunyamaza kwa moyo kuliko anayeambiwa “nyamaza” tu.

Jambo la pili ni kupanga masomo. Usianze na yale unayoyapenda. Maswali mengi hutoka katika utendaji wa taaluma, sheria na maadili, kwa hiyo hayo yapewe majuma mengi zaidi. Wahandisi waliosoma Kenya, Tanzania au Uganda hawaanzi mikono mitupu, kwa sababu nchi hizi, kama sehemu kubwa ya Kanada, zilipokea misingi ya sheria za Kiingereza. Kanuni ya kwamba mkataba huhitaji ahadi, kukubali, na kila upande kutoa kitu chenye thamani, si ngeni. Kinachosumbua ni maneno. Tengeneza daftari la maneno ya sheria. Andika neno la Kiingereza upande mmoja, na upande wa pili ulieleze kwa Kiswahili chako mwenyewe, kama unavyomweleza mama yako. Kwa mfano, kumshtaki mtu kwa uzembe unahitaji kuonyesha mambo matatu: alikuwa na wajibu wa kukujali, akauvunja wajibu huo, nawe ukadhurika kwa sababu hiyo. Ukiweza kulieleza jambo hivyo, umelielewa.

Jambo la tatu ni kufanya mazoezi kwa saa. Maswali 110 kwa dakika 150 ni kama dakika moja na sekunde 20 kwa kila swali. Ikifika dakika ya 75, uwe umefika swali la 55. Mtu aliyezoea kusoma polepole na kurudia hushtuka sana siku ya mtihani. Majuma manne ya mwisho, kila Jumamosi keti ufanye mazoezi kamili ya saa mbili na nusu bila kuinuka. Familia nayo itakuwa inafanya mazoezi ya kukuacha.

Chumba na mashine

Kila mtihani una masharti yake, na ni lazima uyasome yote mapema. Lakini kwa kawaida mitihani ya kusimamiwa kwa kamera hudai mambo haya:

1. Chumba chenye mlango unaofungwa, na mtu mmoja tu ndani. Chumba cha kulala chafaa kuliko sebule.

2. Meza tupu. Ondoa vitabu, karatasi, simu na saa ya mkononi. Karatasi zilizobandikwa ukutani ziondolewe pia, kwa kuwa utaombwa uzungushe kamera ili msimamizi aone chumba kizima, pamoja na chini ya meza.

3. Kompyuta yenye kamera na kipaza sauti. Tumia yako binafsi. Kompyuta ya ofisini mara nyingi imefungwa kwa namna isiyokubali programu ya mtihani. Ijaribu juma moja kabla.

4. Intaneti isiyokatika. Ikiwezekana unganisha kwa waya. Siku hiyo watoto wasitazame video kwa intaneti hiyohiyo.

5. Kitambulisho chenye picha, kisichopitwa na muda. Hapa wanawake wengi wa kwetu hukwama. Cheti cha chuo kina jina la baba, pasipoti ina jina la mume, na fomu ya mtihani imejazwa jina la tatu. Hakikisha jina la kwenye fomu ni lile la kwenye kitambulisho. Kama halilingani, andika barua mapema, si asubuhi ya mtihani.

Siku yenyewe

Panga watoto watoke. Saa mbili na nusu za mtihani, pamoja na muda wa ukaguzi mwanzoni, ni karibu asubuhi nzima. Wakati wa kiangazi wanaweza kwenda uwanjani na baba yao. Lakini Januari ya Alberta si ya kumtoa mtoto nje kucheza, basi fikirieni maktaba ya mtaa, au shangazi, au familia mnayosali nayo. Ni vema kuomba msaada huo mwezi mmoja kabla. Mtu akikubali, nawe siku moja utamlelea wake.

Kula kidogo, nenda haja, vaa nguo za joto. Mtihani ukianza, usisome maswali kwa sauti hata ya kunong'ona, maana kipaza sauti kinasikia na msimamizi anaweza kudhani unazungumza na mtu. Usitazame pembeni kila mara. Intaneti ikikatika, usikimbie kuzunguka nyumba. Fuata maelekezo uliyopewa ya kuwasiliana na wasimamizi.

Yapo pia majaribu. Kamera haioni kila kona, na haikosi rafiki wa kusema, “Shemeji anaweza kukaa nyuma ya mlango.” Kataeni nyumba nzima. Mtu anayejibu maswali ya uaminifu kwa njia ya udanganyifu amekwisha kushindwa mtihani, hata kama karatasi itasema amefaulu. Na watoto wanaona. Wakimwona mama amefunga mlango akiwa peke yake na akili yake, wamefundishwa jambo ambalo hotuba mia hazingefundisha. Mhuri wa mhandisi ni ahadi kwa watu asiowafahamu, watakaolala chini ya paa lake na kuvuka daraja lake. Ahadi hiyo huanza kutimizwa chumbani.

Na asipofaulu?

Wako wanaorudia, nao wakafaulu. Ada hulipwa tena, na hilo linauma, lakini kurudia si aibu. Familia isimwulize kila siku “majibu yametoka?” Yakitoka, na yakiwa si mazuri, mpeni juma moja la kupumzika, kisha saa ileile moja irudishwe kwenye ratiba.

Tumkumbuke Elsie MacGill wa Kanada. Mwaka 1927 alihitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Toronto, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo huko. Akaendelea na shahada ya pili ya uhandisi wa ndege huko Michigan, Marekani. Mwaka 1929, karibu na mitihani ya mwisho, aliugua ugonjwa wa kupooza. Mitihani yake aliiandika akiwa kitandani hospitalini. Aliambiwa huenda asitembee tena, lakini alijifunza kutembea kwa magongo, na mwaka 1938 akawa mhandisi mkuu wa ndege katika kiwanda kimoja huko Fort William. Wakati wa vita vya pili vya dunia kiwanda hicho kiliunda ndege zaidi ya 1,400 za aina ya Hurricane chini ya uangalizi wake wa kihandisi.

Leo wahandisi wa Kanada wamejiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2030, asilimia 30 ya wanaopata leseni wapya wawe wanawake. Lengo hilo haliwezi kufikiwa na bodi peke yake. Litafikiwa pale ambapo mume atashika mwiko, mtoto atapunguza sauti, na jirani atafungua mlango awapokee watoto kwa asubuhi moja. Ndugu msomaji, kama kuna mama wa namna hiyo katika ukoo wako au mtaani kwako, usimtakie heri tu. Mwulize mtihani ni tarehe ngapi, kisha mwambie, “Watoto siku hiyo niachie mimi.”