Muziki Uwanjani Ruksa, Mradi Usikusaidie

Siku hizi ni nadra mashindano ya klabu kwisha bila mchezaji mmoja kufika mezani kwa waamuzi na shauri lake: fulani alikuwa na spika kwenye begi tangu shimo la kwanza mpaka la mwisho, je, hilo si kosa? Muulizaji huwa keshajijibu moyoni, anachotafuta ni muhuri tu. Ndiyo maana jibu humkera. Kanuni za gofu hazikatazi muziki. Zinakataza muziki unaokusaidia kucheza.

Kanuni inayohusika ni 4.3a, kifungu cha 4, katika kitabu kinachotungwa kwa pamoja na R&A ya St Andrews, Uskoti, na USGA ya Marekani. Mchezaji akiwa katikati ya raundi anaruhusiwa kusikiliza mambo yasiyohusu mashindano anayocheza, kama taarifa ya habari au muziki wa kusindikiza safari, ila awajali wenzake. Haruhusiwi kusikiliza muziki, wala sauti nyingine yoyote ya kifaa, kwa lengo la kuzima kelele zinazomsumbua au kupata mwendo mzuri wa kuzungusha fimbo. Akipatikana na kosa, mara ya kwanza anaongezewa mikwaju miwili, au anapoteza shimo kama ni mchezo wa ana kwa ana. Akirudia, anaondolewa mashindanoni.

Tazama basi kinachowezekana. Wachezaji wawili wa kundi moja wanasikiliza wimbo uleule wa taarabu kutoka spika ileile. Mmoja anaupenda tu na anauimbia chini kwa chini akielekea kwenye mpira wake. Mwingine ameuchagua kwa sababu mapigo yake yanalingana na swingi yake, na anasubiri yafike mahali fulani ndipo apige. Wa kwanza hana neno. Wa pili ana mikwaju miwili, na ushahidi pekee uko kichwani mwake mwenyewe. Gofu imezoea hali hii, kwa sababu makundi mengi hutembea mashimo yote 18 bila mwamuzi karibu, na mchezaji anatarajiwa ajishtaki.

Zamani watunga kanuni walijaribu kukwepa utata huo kwa kupima muda. Hadi mwaka 2018 tafsiri rasmi ilikuwa kwamba kusikiliza kidogo ukitoka grini moja kwenda tii inayofuata, kwa mfano kujua matokeo ya mechi ya mpira, si kosa, lakini kusikiliza kwa muda mrefu, au wakati unapiga, kulihesabiwa kuwa ni kutumia kifaa cha msaada. Adhabu nayo ilikuwa kali mno. Mpaka mwisho wa 2015 kosa la kwanza tu lilitosha kukurudisha nyumbani. Marekebisho makubwa ya 2019, yaliyopunguza kanuni kutoka 34 hadi 24, ndiyo yaliyoacha kupima saa na kuanza kupima nia. Kwangu mimi ni uamuzi wa busara, ingawa unampa mwamuzi kazi ya kusoma mioyo ya watu.

Huenda msomaji asiyecheza anajiuliza muziki unawezaje kumsaidia mtu kupiga mpira uliotulia chini. Mwaka 2004 Mmarekani John Novosel alitoa kitabu, Tour Tempo, baada ya kupima picha za video za wachezaji wa kulipwa, picha 30 kwa sekunde. Aligundua kwamba kwa wengi wao muda wa kupandisha fimbo ni mara tatu ya muda wa kuishusha hadi kwenye mpira: picha 27 kwa 9, au 24 kwa 8, au 21 kwa 7. Chukua ile ya kwanza. Fimbo inapanda kwa sekunde 0.9 na kushuka kwa 0.3. Sasa washa wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika, kasi ya kawaida kabisa ya muziki wa kucheza. Kila pigo ni sekunde 0.6, na nusu pigo ni 0.3. Nusu tatu juu, nusu moja chini, umeshapata swingi ya mchezaji wa kulipwa kutoka kwenye visikizio au spika ya begini. Novosel mwenyewe alitengeneza sauti maalumu za kufanyia mazoezi kwa uwiano huo. Kuzitumia uwanja wa mazoezi kabla ya raundi ni halali, kwani kanuni hii inaanza kazi raundi inapoanza. Na ikumbukwe kwamba inahusu vifaa: anayejihesabia mapigo kimoyomoyo hajagusa kifaa chochote.

Upande wa pili wa katazo, ule wa kuzima usumbufu, unahitaji kuelewa jinsi sikio linavyomsumbua mchezaji. Sikio halijali sana ukubwa wa sauti, linajali badiliko. Sauti isiyobadilika ubongo huizoea na kuiweka kando. Kinachoshtua ni sauti ya ghafla katikati ya ukimya: kikohozi, sarafu mfukoni, simu inayolia fimbo ikiwa juu. Ndiyo maana shimo la 16 la TPC Scottsdale, Arizona, linapochezewa Phoenix Open, linachezeka. Ni shimo fupi la yadi 160 hivi, limezungukwa na majukwaa pande zote, na maelfu ya watu wanapiga kelele tangu asubuhi. Mchezaji hupiga ndani ya ule mvumo kwa sababu mvumo haukatiki. Kwenye Ryder Cup ya 2012 kwenye uwanja wa Medinah, mchezaji Bubba Watson aliwaomba mashabiki wasinyamaze bali waendelee kushangilia wakati anapiga mpira wa kwanza. Ligi ya LIV, iliyoanza Juni 2022 kwenye uwanja wa Centurion karibu na London, ikafanya muziki wa uwanjani kuwa sehemu ya bidhaa inayouza.

Kwa hiyo hoja kwamba gofu haichezeki penye muziki haina msingi. Lakini hoja ya upande wa pili, kwamba kama kule wanapiga muziki basi na sisi tupige, ni dhaifu zaidi. Kule sauti ni moja, haikatiki, na kila mchezaji anaikuta hapo. Spika ya begini inakuja na kuondoka. Kundi la nyuma linaisikia ikipanda, ikishuka, wimbo unakwisha, kimya, kisha unaanza mwingine kwa kishindo. Hilo ndilo badiliko lenyewe linaloshtua.

Na inafika mbali kuliko mwenye spika anavyodhani. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Tuseme spika inatoa desibeli 85 ukiwa mita 1 nayo. Mita 2 zitakuwa 79, mita 4 ni 73, mita 8 ni 67, mita 16 ni 61. Desibeli 60 ni mazungumzo ya kawaida ya mtu aliye mbele yako. Maana yake, mchezaji aliye mita 16 kutoka kwenye begi lako anausikia wimbo wako kama vile kuna mtu anaongea naye uso kwa uso. Kwenye mita 64 bado ni 49, na uwanja uliotulia unaweza kuwa chini ya hapo. Ishushe spika iwe 65, kiwango ambacho kundi lenu linaongea bila kupaza sauti, na kwenye mita 16 inabaki 41. Nikiwa mwamuzi hiki ndicho kipimo ninachokipendekeza, kwa sababu hakihitaji mashine: mkianza kuongea kwa nguvu ili msikizane, mmeshawavamia jirani.

Hesabu hiyo ni ya hewa iliyotulia. Upepo unapinda sauti kuelekea ardhini upande unakovuma kwenda, na kuirusha juu upande unakotoka. Kwenye mashimo 9 ya Mombasa Golf Club, kando ya bahari, kusi inaweza kulipelekea kundi moja wimbo ambao lingine, kwa umbali uleule, halisikii kabisa. Asubuhi mapema ndipo pabaya zaidi, hasa nyanda za juu kama Nairobi. Ardhi ni baridi kuliko hewa iliyo juu yake, sauti inarudishwa chini na kusafiri mbali. Adhuhuri, ardhi ikishapata joto, sauti inapinda kwenda juu. Spika ileile, kitufe kilekile, malalamiko ya saa moja asubuhi hayatakuwepo saa sita.

(Wanaotetea ukimya nao wasisahau kwamba kelele kubwa kuliko zote uwanjani ni yao wenyewe. Mwaka 2008 madaktari wa Norwich, Uingereza, waliandika katika British Medical Journal kuhusu mchezaji aliyepungukiwa usikivu, wakaihusisha hali yake na fimbo ya uso mwembamba wa titani. Walipozipima fimbo za namna hiyo zilivuka desibeli 120.)

Wengine huona dawa ni visikizio vya masikioni: kila mtu na muziki wake. Hapo ndipo kanuni inapobana zaidi, maana visikizio vinavyozima kelele vimetengenezwa hasa kwa lile linalokatazwa. Nami nina sababu nyingine ya kutovipenda. Mpira uliopigwa vibaya ukielekea kwako, mpigaji hupiga ukelele wa "Fo!" Sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde, hivyo kwa umbali wa mita 150 inakufikia kabla nusu sekunde haijaisha. Mpira unachelewa nyuma yake kwa sekunde kadhaa. Sekunde hizo zinatosha kuinama na kufunika kichwa, kwa aliyesikia.

Klabu ina uamuzi wake pia. Kanuni 1.2 inaipa kamati uwezo wa kuweka kanuni za mwenendo zenye adhabu, na ipo sheria ya mahali, G-8 katika orodha ya mfano, inayoruhusu kuvipiga marufuku vifaa hivi au kuvidhibiti. Soma karatasi ya masharti kabla ya kufungua begi.

Yupo mtu mmoja ambaye karatasi hizo hazimtaji. Kwetu Afrika Mashariki wengi tunatembea na kedi, na begi lenye spika liko begani kwake, sentimita 30 hivi kutoka sikioni. Zile desibeli 85 za mita 1 zinakuwa takriban 95 kwake. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asizidishe saa 8 kwa desibeli 85, na kila zinapoongezeka 3 muda ukatwe nusu, yaani kwa 94 ni saa 1 tu. Raundi ni saa nne na zaidi. Kedi hatakwambia upunguze, kwa sababu malipo yake yanatoka mfukoni mwako. Iweke spika kwenye kigari cha kuvuta kama kipo, au ishushe iwe 65: begani itakuwa 75 hivi, na ukimuuliza upepo unatoka wapi atakusikia.