Wafungaji wa Lugogo: Je, Wanatosha kwa Msimu?

Ndugu wafanyakazi, kila msimu wa ligi unapokaribia tunaulizwa swali moja tu. Tunaulizwa getini, ndani ya taksi za kwenda Namanve, na hata katika mikutano ya chama ambayo ajenda yake ni nyingine kabisa: je, KCCA wana watu wa kufunga? Wenzetu wa mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira nao hutuuliza tunapokwenda kuandikisha wanachama, kana kwamba sisi tunakaa benchi moja na kocha. Haya, leo tujibu.

Kwanza tukumbuke timu hii ilitoka wapi. Ilianzishwa mwaka 1963 na Samuel Wamala, mkuu wa sehemu ya maji machafu katika Baraza la Mji wa Kampala, na ilianza na watu wa sehemu hiyo hiyo. Walikuwa watu wa koleo na mifereji, kazi ambayo wengi hupita mbali nayo wakiziba pua. Jina la KCCA lilikuja baadaye sana, baada ya Mamlaka ya Mji kushika nafasi ya Baraza mwaka 2011. Wazee bado wanasema KCC, na sisi hatuwakosoi. Mwaka 1976 timu ilitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza, 1977 ikarudia, na 1978 ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kuchukua kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati.

Mwaka huo wa 1978 Cranes walifika fainali ya Kombe la Afrika kule Ghana, wakafungwa na wenyeji 2-0. Philip Omondi wa KCC alimaliza mashindano akiwa na mabao 3, sawa na Opoku Afriyie wa Ghana na Segun Odegbami wa Nigeria, na hakuna aliyewapita. Omondi alifariki mwaka 1999, na uwanja wa Lugogo ukapewa jina lake. Tangu hapo kila kijana anayecheza mbele pale anapimwa kwa mizani hiyo. Akikosa bao dakika ya kumi, utasikia mzee nyuma yako: "Omondi angelifunga hilo kwa kisigino!" Huenda ni kweli. Lakini kijana hasaidiwi na maneno hayo, na wala Omondi hakuwa akijipigia pasi mwenyewe.

Sisi tunasema kwamba shida ya Lugogo haikuwa kukosa vipaji. Chukueni msimu wa 2016/17. Geoffrey Sserunkuma alipachika mabao 21 katika ligi ya michezo 30, na timu ikachukua ubingwa pamoja na Kombe la Uganda. Pembeni yake alikuwapo Derrick Nsibambi, kwa hiyo walinzi wa timu nyingine hawakujua wamkabe nani wamwache nani. Hiyo ndiyo safu ya mbele iliyotosha. Mwaka 2018 KCCA wakaingia katika makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, klabu ya kwanza ya Uganda kufika huko, na wakawafunga Al Ahly wa Misri 2-0 hapa hapa Kampala. Sisi wengine tuliomba kubadilishana shifti ili tuwepo.

Sasa hesabuni walioondoka. Sserunkuma alikwenda Zambia, Nsibambi Misri, Shaban Morocco. Patrick Kaddu akabeba mzigo, akawafungia Cranes dhidi ya Kongo katika Kombe la Afrika la 2019, na mwaka huo huo naye akaondoka kwenda Morocco. Januari 2020 Allan Okello akauzwa Algeria, na ligi iko katikati. Okello huyo baadaye alirudi Uganda, lakini jezi aliyovaa ilikuwa ya Vipers.

Hatuwalaumu vijana. Mtu akipata mshahara bora mahali pengine, aende. Sisi wenyewe tungekwenda mbio. Lawama yetu ni kwa namna ya kujaza pengo. Mashine ikiuzwa kabla ya ile mpya kufungwa, shifti ya usiku itafanya kazi na nini? Ubingwa wa 2019 ulikuwa wa 13 kwa KCCA. Baada yake kombe lilikwenda kwa Vipers 2020, Express 2021, Vipers 2022 na 2023, SC Villa 2024, kisha Vipers tena 2025. Miaka sita mfululizo.

Kuna jambo jingine ambalo wakosoaji wa jukwaani hulisahau. Uwanja wa Lugogo una nyasi za bandia. Mpira hukimbia sawa kama kwenye sakafu, na fowadi mwepesi wa pasi fupi hung'ara. Mpeleke kijana huyo huyo mkoani baada ya mvua, mpira unaruka kama panzi, na beki wa pale anajua kila shimo. Kwa hiyo timu inahitaji fowadi wa aina mbili: mwepesi wa Lugogo, na mwingine wa mabavu, wa kichwa, asiyeogopa tope.

Tena wawe na akiba. Hili tulijifunza katika timu yetu wenyewe ya kiwanda, ambacho hatutakitaja. Tulikuwa na senta fowadi mmoja tu wa maana, kibarua wa idara ya kufungasha. Mabosi walimpenda sana siku za mechi, wakimpa soda na kumshika bega. Siku moja akavunjika kifundo cha mguu akicheza na jezi ya kiwanda kifuani. Jumatatu ofisi ikasema mpira si kazi, kwa hiyo siku za kulala nyumbani hazilipwi. Chama kiliandika barua nne kabla ya kupatikana nusu ya ujira wake. Timu ilipoteza michezo yote iliyobaki, lakini tunakiri kwamba hatukuwa na moyo wa kuangalia msimamo wa ligi, maana mke wake alikuwa akikopa unga kwa jirani zetu.

Ndiyo maana tukiulizwa kama wafungaji wanatosha, sisi huuliza kwanza: fowadi wa kwanza akiumia, nani anaingia, na yule aliyeumia analipwa na nani?

Majina ya vijana wa msimu ujao hatutayataja hapa. Orodha yaweza kubadilika kabla ukurasa huu haujatoka mtamboni. Kipimo chetu ni hiki: wawepo wafungaji watatu wa kutegemewa, sio mmoja; wawepo mawinga wa kuwalisha; na asiuzwe mtu Januari kabla mrithi wake hajacheza angalau michezo mitano. Vikikosekana hivyo, jibu letu ni kwamba hawatoshi, hata wakifunga manne siku ya kwanza. Mechi ya kwanza ya nyumbani tutakuwapo, upande wa jua, maana tiketi za kivulini ni ghali.